Unga wa Kariandusi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Watu walionijua nikiwa msichana kule Bahati, Nakuru, watakwambia, na askari niliowafundisha watakwambia zaidi. Kazi yangu jeshini ilikuwa kuwafundisha wenzangu namna ya kubaki hai siku adui atakapoacha risasi na kuleta gesi, au vumbi lenye ugonjwa ndani yake. Mtu mpole hawezi kazi hiyo. Mtu mpole atakuonea huruma ukimwambia maski inabana, atakulegezea mkanda, na huo mkanda ndio utakaokuua. Mimi sikulegeza. Nilikuwa naogopa kila siku niliyofanya kazi ile, na kwa sababu nilikuwa sajenti, woga wangu ulitoka kwa sauti ya kugombeza. Nikiwapa mgongo waliniita Mama Gesi. Nilikuwa nikisikia, lakini nilijifanya kiziwi.

Mazoezi yenyewe tuliyafanyia karibu na Kariandusi, kwenye shimo la zamani ambalo halichimbwi tena. Kule ardhi ni nyeupe. Si nyeupe ya kusemwa tu, ni nyeupe kabisa, na ukiisugua kati ya vidole inageuka unga laini kuliko wa chapati. Upepo wa ziwa Elmenteita ukivuma unaupeperusha kila mahali, kwenye chai, kwenye nyusi, ndani ya soksi. Sisi unga ule tuliutumia badala ya sumu. Sumu ya kweli mara nyingi haionekani, sasa utamfundishaje mtu kuogopa kitu asichokiona? Tuliwamwagia unga wakiwa wamevaa suti zao nzito, maski, kofia ya kufunika kichwa na shingo, glavu na buti za mpira, mpaka wakafanana na watu wanaofanya kazi kwa kisiagi cha mahindi. Kisha tuliwakimbiza, tukawabebesha machela, tukawatoa jasho. Baada ya hapo ndipo mtihani ulipoanza.

Kwa maana watu wengi hudhani hatari iko kwenye kuvaa. Hatari iko kwenye kuvua. Umechoka, unatamani hewa, suti inakuchoma, na kila kitu kilichokukinga sasa kimebeba kifo kwa nje. Lazima uvue ukisaidiwa na mwenzako, suti ikikunjwa kuelekea nje ili uchafu ubaki ndani ya mkunjo, glavu zitoke bila ngozi kugusa upande wa nje. Maski ni ya mwisho. Unafunga macho, unazuia pumzi, unaivuta kutoka kisogoni kuja mbele, unaiacha ianguke na unavuka kamba bila kuangalia nyuma. Upande wa pili wa kamba nilikuwa nimesimama mimi, na tochi mkono mmoja na kitambaa cheusi mkono wa pili. Nilipangusa nyuma ya masikio, kwenye ukingo wa nywele, chini ya kidevu, shingo na viganja. Kitambaa kikibaki cheusi nilisema "safi." Kikitoka na weupe nilisema "maiti," na maiti alienda kukaa chini kando na maiti wenzake.

Mwaka ule kulikuwa na kikosi kinachoandaliwa kwenda nchi nyingine kulinda amani. Ndani yake palihitajika kundi dogo la kutangulia, la kuingia kwenye maghala ambamo watu waliokimbia waliacha mapipa, na hakuna aliyejua mapipa yale yana nini. Kundi hilo lilikuwa la kujitolea. Atakayetangazwa maiti kwenye mitihani yote miwili ataondolewa, atabaki Kenya na kazi zake za kawaida, bila aibu yoyote. Nilipenda sana sheria hiyo. Niliona ni sheria ya watu wenye akili.

Siku lori lilipowaleta, askari wa tatu kushuka alikuwa mdogo wangu.

Haki nilitaka kumrudisha ndani kwa sikio. Ni kitinda mimba wetu. Tumezaliwa wawili tu, mimi nikamtangulia kwa miaka mingi hata nikambeba mgongoni nikienda kisimani. Babu yetu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli Nakuru, baba akafuata reli hiyo hiyo, kisha akanunua kipande cha shamba Bahati na akafa kabla hajakizungushia ua vizuri. Mama alibaki na ng'ombe wawili na sisi. Mimi niliingia jeshi kwanza. Yeye aliponifuata, mama hakusema neno siku nzima, na mama yetu si mtu wa kunyamaza.

"Nani alikwambia ujiandikishe hii kitu?" nilimuuliza nilipompata peke yake nyuma ya lori.

"Hakuna mtu aliniambia, dada."

"Hapa mimi si dada."

"Hakuna mtu aliniambia, afande." Alikuwa anatabasamu, mjinga yule. "Si wewe ndiye unafundisha? Nitakufa aje na ni wewe umenifundisha?"

Nilimtuma akabebe mitungi ya maji.

Tuliwafundisha wiki nzima. Nikipiga kelele "Gesi!" wanazuia pumzi, wanafunga macho, maski inakaa usoni kabla hujahesabu hadi tisa. Nilipiga kelele hiyo wakiwa wanakula, wakiwa wanaoga, wakiwa wanapiga stori. Mdogo wangu alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi kuliko wote. Nilikuwa nimezoea kuomba wanafunzi wangu waweze. Huyu nilikuwa naomba ashindwe, na nilikuwa naomba hivyo huku nikimrekebisha mkanda wa kisogoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Ijumaa. Alipovuka kamba na kufungua macho, sikuhitaji hata tochi. Kutoka sikio hadi sikio, kupitia chini ya kidevu, alikuwa na mstari mweupe kama ndevu za mzee. Nilipopangusa, kitambaa kilibeba unga umeshikana kama ugali wa sufuriani.

"Maiti," nikasema.

Jamani, nilifurahi! Alinitazama kama niliyempiga kofi, akaenda kukaa na wafu wenzake. Na wafu siku hiyo walikuwa wengi. Zaidi ya nusu ya kundi walikuwa na mstari ule ule, mahali pale pale.

Kapteni wetu, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu, alishangaa. Alizishika maski moja moja akikagua mpira kama umechakaa. "Sajenti, shida ni nini? Kozi ya Februari walipita karibu wote."

"Nipe mpaka Jumatatu, afande. Nataka kuwa na uhakika."

Uhakika wenyewe nilikuwa nao puani. Kitambaa changu kilikuwa kinanuka nyumbani kwetu.

Kila mtu aliyelelewa upande ule wa baridi anajua mafuta ya kukamulia. Yanauzwa kwa kopo, yametengenezwa kulainisha chuchu za ng'ombe, lakini ni nani ameishia kwa ng'ombe? Yanapakwa watoto kabla ya kwenda shule, yanapakwa bibi harusi, yanapakwa maiti wa kweli kabla ya kuzikwa. Mtu akitoka nyumbani amepauka, watu watauliza kama mama yake ni mgonjwa. Na jeshini ni hivyo hivyo, kwenye gwaride uso lazima ung'ae kama buti. Kozi zangu za awali zilikuwa za miezi ya jua, watu walijipaka kidogo tu. Sasa ulikuwa Julai, upepo unapasua midomo, na kila askari alikuwa amejisiliba uso na shingo asubuhi kabla ya kuvaa maski. Vitabu vyetu vya mafunzo vilituambia tuwanyoe ndevu ili mpira ushike ngozi. Havikusema lolote juu ya mafuta, kwa sababu walioviandika hawakulelewa Bahati. Jasho likitoka juu ya mafuta, mpira unateleza. Unateleza kidogo tu, upana wa uzi, na unga unapita na kunasa pale pale. Na ziko sumu zinazopenda mafuta kuliko unga unavyoyapenda.

Jumapili nilienda kumwona mama. Nilimkuta zizini akimaliza kukamua, kopo lenyewe liko juu ya nguzo. Sijui kwa nini nilianza kwa ukali. Nadhani ni kwa sababu niliogopa kuanza vingine.

"Mama, hayo mafuta yako ndiyo yamemwangusha mtoto wako."

Nikamweleza. Alikuwa hajui hata kwamba mdogo wangu amejitolea kuingia maghalani. Yeye aliambiwa ni safari ya kulinda amani, kusimama barabarani na kofia ya buluu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuweka ndoo chini. Kisha akauliza swali moja, na nilipolisikia nilijua nimefanya kosa kufungua mdomo.

"Kwa hivyo akijipaka, haendi?"

"Mama."

"Nimekuuliza. Akijipaka na aanguke tena, anabaki?"

"Anabaki."

Akaweka ndoo chini. "Basi wewe nyamaza."

"Siwezi kunyamaza. Ni kazi yangu."

"Si ni wewe unashika hicho kitambaa? Kuna mtu mwingine anashika?"

"Mama, si yeye peke yake anayejipaka. Ni karibu wote. Nikinyamaza, kuna watakaopita kwa bahati tu, na waende huko na mafuta usoni. Hao nao wana mama zao."

"Mimi sijazaa hao wengine!" Alisema kwa sauti hata ng'ombe akarudi nyuma. "Nilizaa wawili. Mmoja jeshi ilimchukua nikanyamaza. Ni wewe. Wa pili akakufuata nikanyamaza. Sasa unataka akavute sumu kwa nchi ya watu, na wewe ndiye unamfungulia mlango? Wewe? Uliyembeba?"

Nilimwambia ananionea. Aliniambia niende nikaonewe mbele. Tuligombana pale zizini kama wake wenza, mpaka maziwa yakaingia nzi na mama akayamwagia paka. Niliondoka bila chai. Sikumbuki siku nyingine niliyotoka kwa mama bila chai.

Njia nzima ya kurudi kambini nilikuwa nasema peke yangu. Nilijiambia, nyamaza wiki moja tu, nani atajua? Ataanguka, atakasirika, atarudi kwa kazi zake, ataoa. Wengine utawaambia baadaye, wakishaondolewa wale wa kuondolewa. Halafu nikaona sura za wale wengine mmoja mmoja, yule mwenye pengo, yule anayeimba akiosha buti, na nikaliacha wazo hilo. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitisha kuliko yote. Mdogo wangu ni kichwa ngumu. Akikosa safari hii atajiandikisha kwa ijayo, au kwa nyingine, na siku moja ataingia kwenye ghala la watu mbele ya mtu asiyemjua wala kujua kopo la mama, akiwa amejipaka uso mzima, akiamini amefundishwa na dada yake. Ningemwokoa mara moja, halafu ningemuua polepole. Nilifika getini nikiwa nimeshaamua, na nilijichukia kwa uamuzi huo.

Jumatatu asubuhi nilimweleza kapteni, kisha nikawasimamisha kwenye mstari.

"Kuanzia leo hakuna mafuta. Ya kopo, ya chupa, ya nazi, ya ng'ombe, ya nguruwe, sitaki. Mnaoga kwa sabuni mnakauka kwa upepo."

Mnong'ono ulipita. Mmoja akainua mkono. "Afande, tutapauka."

"Pauka! Nataka mpauke kama barabara ya Mau Narok. Nataka nikipita nisijue huyu ni askari na hii ni ukuta. Unaenda vitani ama unaenda kuchumbia?"

Walicheka. Kisha tukapekua mifuko yao. Makopo yalitoka kama tumevamia duka. Nilipofika kwa mdogo wangu, nilikuta ndani ya sweta lake kopo jipya kabisa, lile kubwa la watu wenye ng'ombe wengi, halijafunguliwa.

"Hii imetoka wapi?"

"Mathe alituma nayo jana jioni na yule mtu wa pikipiki anabebanga maziwa. Hata alinipigia simu. Akasema nijipake asubuhi na jioni, na nisisahau shingo." Alishusha sauti. "Dada, mathe ako sawa? Alikuwa anarudia tu, shingo, shingo."

Nilishika lile kopo. Akilini nilimwona mama akiondoka nyumbani Jumapili ile ile, na hasira zake, na miguu yake inayouma, kwenda dukani kununua kopo kubwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na askari wote walikuwa wananitazama.

"Hili nalichukua," nikasema.

"Afande, hiyo ni ya mama yangu!"

"Hapa huna mama. Una maski." Nilisema kwa ukali kuliko ilivyohitajika, na nikaona macho yake yakibadilika. Siku zilizofuata aliniita afande hata tulipokuwa wawili tu.

Wiki ile walikuwa kichekesho. Midomo ilipasuka, vifundo vya mikono vikawa vya kijivu, wakikunja uso ungesikia ngozi ikilalamika. Askari wa vikosi vingine waliwauliza kama wamefukuliwa. Lakini maski zilishika. Kila siku nilipowajaribu kwa mazoezi tu, maiti walipungua, na mdogo wangu kila siku alikuwa safi. Usiku nilikuwa nikilala naona mapipa. Mchana nilikuwa nikimwambia, "Tena. Vua tena. Umegusa kola. Ungekuwa umekufa. Tena." Yeye alidhani nataka kumvunja. Mimi nilikuwa namjaza kila kitu nilichokijua, haraka haraka, kama mtu anayempakia mtoto chakula cha safari na gari linapiga honi.

Mama hakupiga simu. Mimi pia sikupiga.

Mtihani wa pili ulifanyika asubuhi ya upepo mkali. Kapteni alisimama karibu yangu, bega kwa bega, kwa sababu majina ya watakaoenda yalitakiwa siku hiyo hiyo. Wakaanza kuvuka kamba. Safi. Safi. Safi. Mmoja tu alitoka na weupe kwenye kiganja, aliyekuwa amejikuna bila kufikiri. Nikasema maiti, akakubali.

Kisha akavuka mdogo wangu.

Alisimama mbele yangu amenyoosha mikono, macho yametazama juu ya kichwa changu. Alikuwa anapumua kwa nguvu. Nilianza na viganja, kitambaa kikatoka cheusi. Paji la uso, cheusi. Sikio la kulia, cheusi. Nilipompinda kichwa kuangalia chini ya sikio la kushoto, nikaona doa. Doa jeupe, pana kama sarafu, limeshuka mpaka shingoni.

Nilipangusa. Kwenye kitambaa ikabaki rangi hafifu, kijivu, kitu kati ya kitu na hakuna kitu.

Kapteni akainama. "Huyo naye?"

Nilikuwa nimeshajua inaweza kuwa mambo mawili. Inaweza kuwa unga. Inaweza pia kuwa ngozi yake tu, ngozi ya mtu niliyemnyang'anya mafuta katikati ya Julai, iliyokauka ikapauka na kuacha ukoko wake kwenye kitambaa. Niliwapausha mimi mwenyewe, na sasa weupe wa ngozi na weupe wa sumu ulikuwa umefanana. Mtu yeyote pale angeutazama na kusema ni unga.

"Ni unga, Sajenti?" kapteni akauliza tena. Alikuwa ameshageuza uso kumtazama anayefuata. Alikuwa ananiamini. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwamba aliniamini kabisa.

Neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni, nimelisema mara ngapi bila kufikiri? Angeenda kukaa kando, angenichukia mwaka, miaka miwili. Mama angechinja kuku. Hakuna mtu hapa duniani ambaye angeniuliza. Nilimwangalia mdogo wangu na kwa mara ya kwanza wiki ile akanishushia macho. Hakuwa anaomba apite. Alikuwa anaogopa, niliona waziwazi, alikuwa anataka kujua. Alitaka nimwambie kama amekufa.

"Leta maji," nikasema.

Nililowesha pembe ya kitambaa. Unga wa Kariandusi ukiupangusa na maji unatoka kama uji, haujifichi. Nikasugua lile doa polepole, nikabonyeza, nikasugua tena hadi akakunja uso. Nikafungua kitambaa mbele ya macho yangu na ya kapteni.

Kilikuwa cheusi.

Doa lilikuwa limepotea kwa sababu ya maji. Tukasubiri. Upepo ulimkausha shingo, na ule weupe ukarudi pole pole, pale pale, ukiwa umeshikamana na mwili wake. Ilikuwa ngozi. Alikuwa amevua vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, na nilimchukia kwa hilo, na nilijivunia mpaka machozi yakanijaa, na nikajifanya ni vumbi.

"Safi," nikasema.

Akapiga saluti. Mwenzake aliyefuata akasogea, nikaendelea kupangusa.

Mchana nilitafuta mahali penye mtandao, juu ya kile kilima kinachotazama ziwa, nikampigia mama. Simu iliita mpaka nikadhani hatashika.

"Sema," akasema.

"Amepita, mama."

Nilisikia kuku wake, nikasikia mtu akimsalimu kutoka barabarani na yeye hakuitikia. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

"Ulikuwa wewe mlangoni?"

"Nilikuwa mimi."

"Ulimwangalia masikio?"

"Yote mawili."

"Na shingo?"

"Shingo nimeirudia na maji, mama. Kapteni akiona."

Akavuta pumzi, na sauti iliyofuata sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ndogo kabisa, ya mtu anayeomba kitu kwa mgeni.

"Hukumpitisha kwa upendeleo?"

"Hapana, mama. Sikumpendelea."

Akaniambia nirudie, nikarudia.